Vitu vya sendofu havienei kota ya chuo, na mume hataki tupange nje

BARUA

Anti shikamoo,

Naomba usiweke jina langu wala la chuo maana huku tunajuana wote. Nina miaka 24, nimezaliwa na kukulia Dar, Tabata, nilikuwa nafanya kazi kwenye saluni ya dada yangu, kusuka, kuosha nywele na mambo ya kucha. Mwezi wa 8 nimeolewa. Mume wangu kwao ni Machame, ni mwinjilisti, na dayosisi imempeleka kusomea uchungaji kwenye chuo kimoja huku Arusha nje ya mji, miaka mitatu, ada wanalipa wao na kaposho kidogo ka kujikimu ambako ukishanunua mchele na mafuta hakuna tena cha kuhesabu. Chuo kina kota za wanafunzi wenye familia na sisi tumepata moja, kila mtu anatuambia tuna bahati maana kuna wenzetu wameacha wake zao kijijini kwa sababu kota zimejaa.

Anti wiki iliyopita ndo nimeenda kuiona kwa mara ya kwanza. Ni bloku la zamani, vyumba vimepangana kama mabehewa, kila familia ina chumba kimoja na kasebule, sakafu ya saruji imechimbika pale mlangoni, dari hakuna, na ukuta wa kati yetu na jirani haujafika juu, umeishia kwenye kenchi yani huku juu kuko wazi kabisa, nimesimama pale kidogo tu nikamsikia jirani anamwambia mtoto wake "kojoa ukalale" utadhani anamwambia mume wangu. Choo na bafu viko nje tunashea familia nne, bomba moja uani, jiko ni kibanda cha mabanzi kila mtu na kona yake. Kodi ni elfu 30 kwa mwezi na umeme mnachangishana.

Sasa shida yenyewe. Kwenye sendofu yangu ndugu zangu walijitoa mno, kitanda cha 6 kwa 6 kile chenye droo pembeni, godoro la inchi 10, kabati la milango mitatu, sofa la watu saba, friji kubwa ya milango miwili, jiko la gesi la plate nne lenye oveni, na vyombo ambavyo siwezi hata kuvitaja. Vyote vimekuja na fuso mpaka Arusha vimewekwa stoo kwa binamu yake mume wangu, Sakina, na binamu kashasema mwisho wa mwezi huu anataka stoo yake anaingiza mahindi. Mume wangu alipima chumba kwa hatua akasema ni kama futi 10 kwa 10. Kitanda kikiingia mlango wa chumba hauwezi kufunguka. Sofa ndo usiseme, labda tukae sisi uani sofa likae ndani.

Nikampigia mama akasema zawadi ya sendofu haiuzwi, ukiuza umeuza baraka zako. Dada yangu yeye kawaka, anasema mdogo wake hakai kwenye banda, kaulizia kwa watu wake kaambiwa kuna nyumba Njiro, vyumba viwili na jiko humo humo ndani, laki mbili na nusu kwa mwezi, na atakuwa ananitumia hiyo hela kila mwezi mpaka mume amalize chuo. Mimi nikafurahi nikampelekea mume wangu habari. Anti, alinyamaza weee halafu akasema "kama umezoea masofa nenda kakae na dada yako". Tangu siku hiyo tunaongea salamu na chakula basi. Hajawahi kunitamkia neno la hivyo tangu tujuane.

Mama mkwe nae kasikia vitu havienei, kasema friji ipelekwe kwake Machame akatutunzie, na mwezi wa 12 atashuka kutusalimia akae wiki mbili, na mawifi wawili watakuja nae. Walale wapi Anti?

Jingine naona aibu kuliandika ila wewe ni mtu mzima, sisi ni maharusi, na ule ukuta nimeshakueleza ulivyo.

La mwisho, mama mmoja wa pale kota alinivuta pembeni akaniambia maji ya lile bomba yanaharibu meno ya watoto kwahiyo nisizae mpaka tuhame. Sijui ni kweli au ananitisha.

Mume wangu nampenda sana, hilo lisikupite. Niingie kota au nimbane tuchukue nyumba ya dada?

Bi harusi wa kota, Arusha

JIBU

Marahaba mwanangu na hongera ya ndoa. Ingieni kota. Nimekujibu mapema usije ukasoma barua yote moyo unakudunda, sasa tukae tuongee mnaingiaje, maana mkiingia kichwa kichwa na hilo fuso la vitu nawaona mmenuniana mpaka Krismasi.

Kwanza mumeo. Ile kauli ni mbaya na sitaipamba, mwanamke aliyetoka kwao Tabata akaja kuanza maisha na wewe huku baridi hamjui mtu, huwezi kumwambia nenda kakae na dada yako. Ila jiweke na wewe kwenye kiti chake kidogo. Mtu ametoka kuoa juzi, hana mshahara wa maana, anarudi darasani na daftari, na kabla hata hajaweka pazia kwenye nyumba yake ya kwanza shemeji yake kashamtafutia nyumba nyingine na kodi kashapanga atalipa yeye. Wewe ulikuja umefurahi, yeye alichosikia ni kwamba ameshindwa kazi kabla hajaanza. Ndo maana alinyamaza. Lile neno lilitoka baada ya kunyamaza kwa hiyo lilikuwa limechacha.

Usiliongelee ndani, na usiliongelee usiku mkishalala. Jumamosi ni siku ya soko Tengeru, nendeni wote mkanunue ndizi na viazi, mkiwa mnatembea mwambie taratibu, "nilipokuletea habari ya nyumba ya dada nilikuwa nakuletea msaada, sikukudharau, ila lile neno la niende kwa dada sitaki kulisikia tena". Halafu uliza bei ya ndizi. Usisubiri akuombe msamaha pale pale mbele ya wauza vitunguu, wanaume wengi wanahitaji kulala na neno kwanza.

Nyumba ya Njiro sasa. Dada yako ana roho nzuri, sina shaka, lakini kuna kitu hajakipigia hesabu. Anasema atatuma kila mwezi, mwenye nyumba gani wa Njiro anapokea kila mwezi? Wengi wanataka miezi 6 mbele, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja yake. Laki mbili na nusu mara 6 ni milioni moja na nusu, weka na ya dalali ni milioni moja na laki saba na hamsini elfu, na hapo hata ufunguo hujashika. Dada anazo cash leo? Na kama anazo, hiyo miezi 6 ikiisha saluni ikiwa imeyumba nani anaongea na mwenye nyumba, si huyo huyo mwanafunzi wa theolojia na kaposho kake? Halafu kila siku apande haisi asubuhi na jioni, mvua za masika zikianza mwezi wa 3 arudi usiku kalowa, wewe umekaa peke yako Njiro na sofa lako. Sijakataza msaada wa dada kabisa. Mwambie hivi, "dada kota tumeikubali, ila ukitaka kutushika mkono nisaidie hela ya seremala na ya gesi". Msaada wa kiasi hicho mumeo ataumeza bila kuumia koo.

Haya seremala. Hapa ndo nataka uwe makini maana watu wengi wanateseka na vitanda vikubwa bila sababu. Kwanza ile ya kupima kwa hatua acheni, kaazimeni tepu, mpime chumba, mpime upana wa mlango na mlango unafungukia wapi, mwandike kwenye karatasi. Kile kitanda cha droo kinaitwa 6 kwa 6 lakini hayo ni maneno ya godoro, ukijumlisha droo za pembeni na ubao wa kichwani kinagonga futi 7 na zaidi. Mpelekeeni fundi hapo hapo Sakina kabla hakijatoka stoo, akate kiwe 4 kwa 6. Anapunguza ubao wa kichwani na wa miguuni futi mbili, chaga anazikata, ubavu hauguswi maana urefu unabaki ule ule wa futi 6. Droo za pembeni akutolee, mkiweka stuli pembeni zinatosha. Najua utashtuka kusikia 4 kwa 6, mwanangu nyie ni maharusi, futi nne zinawatosha na chenji inabaki.

Godoro nalo kama ni la sponji linakatwa, yule yule fundi wa makochi anakata kwa kisu kirefu na cherehani inashona kava upya na zipu yake. La springi halikatwi, hilo badilishaneni na mwenye duka au uzeni. Sasa sikiliza, ukikata 6 kwa 6 ikawa 4 kwa 6 unabaki na kipande cha futi 2 kwa 6 cha inchi 10, hicho usikitupe wala usimwachie fundi, mafundi wanavipenda sana hivyo vipande. Mwambie akutengenezee benchi la mbao za kawaida la ukubwa huo, kipande kikae juu, ukishone kitambaa cha kitenge, ukiweke sebuleni kwenye ukuta. Ndo sofa lako hilo. Chini ya benchi unasukuma mabegi na ndoo.

Sofa la watu saba uzeni. Na kabati la milango mitatu pia, nguo mtatundika kwenye fimbo ya mbao na pazia mbele. Piga picha nzuri sofa bado lina nailoni zake, weka status, weka kwenye magrupu ya Arusha, sofa jipya halikai. Kuhusu mama na baraka, mwambie kabla hujauza, asije akasikia kwa shangazi. Na usimwambie "tunauza zawadi", mwambie "mama sofa tunaligeuza gesi, mapipa ya maji na mashine ya kunyolea". Mama zetu wanachoogopa ni zawadi ipotelee hewani, akijua imekuwa kitu kingine cha ndani mwako atalala. Zile sufuria na sahani chagua za watu sita, zilizobaki zifunge kwenye boksi ziende juu ya kenchi kama zinabeba, au ziende Machame.

Ndiyo nimesema Machame, ila friji hapana. Kitu kikikopeshwa ukweni kimehama, sisemi mama mkwe wako ni mbaya, nasema miaka mitatu ni mingi, mtakuja kuifuata hiyo friji mtakuta ndani kuna maziwa ya watu, kuna nyama ya wifi, utaanza vipi kusema "mama toeni vitu"? Utanyamaza, na utakaa nalo moyoni. Vile ni vyako, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu mke awe na mali yake na aiuze au aitoe mwenyewe, lakini hiyo sheria usiende kuitaja Machame jamani, nimekuambia wewe tu ili usijione mchoyo. Cha kusema ni kimoja na akiseme mumeo, siyo wewe: "mama friji tumeshaiuza tumenunua ndogo". Na muiuze kweli kabla ya kusema.

Hata hiyo ndogo msiikimbilie. Uliza kwanza mita ya umeme ikoje. Kama bloku zima mnatumia LUKU moja mnachangishana, friji itakuletea maneno kuliko kitu chochote, jirani mwenye taa mbili na redio hatakubali mchango sawa na wewe, na ana haki. Friji ya kawaida inaweza kula uniti moja kwa siku au zaidi. Ile bei ya chini ya umeme ni ya mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, mkiwa familia nne kwenye mita moja hamuwezi kukaa humo, mnahamia bei ya juu ambayo uniti ni karibu mara tatu. Sasa nani ataambiwa ndo kaharibu? Mwenye friji. Ukitaka amani fungeni sabumita yenu, chuo kikikubali, kila mtu alipe alichokula. Arusha yenyewe nusu mwaka ni friji, nyanya zinakaa wiki.

Jiko la oveni nalo liende sokoni, chukua mtungi wa kilo 6 wenye jiko la kukaa juu yake, unapika nje kwenye kona yako ukimaliza unabeba unaingia nao. Nakuambia ubebe kwa sababu jiko la kushea gesi yako itapika maharage ya watu. Ila ukiingiza ndani hakikisha umefunga vizuri, gesi ikivuja inashuka chini inatambaa sakafuni, ukisikia harufu fungua mlango na dirisha usiwashe hata taa.

Na mkaa. Hapa naomba mnisikilize na mumeo akiwepo. Wewe ni mtoto wa Dar, hujalala Arusha mwezi wa 6 na wa 7, baridi ya huku chini ya Meru inaingia mpaka kwenye mifupa, na utawaona watu wanaingiza jiko la mkaa ndani usiku wapate joto halafu wanafunga mlango na dirisha. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haikohoshi. Unahisi kichwa kizito unasema ni uchovu, unalala, hamuamki. Watu wanakufa hivyo familia nzima. Usidanganywe na ule ukuta usiofika juu kwamba hewa inapita, inapita kweli, inaenda kwa jirani na mtoto wake. Mkaa unabaki nje hata ukiwa umebaki majivu mekundu tu, nyie nunueni blanketi zito la mtumba Mbauda na soksi.

Haya ukuta wenyewe. Usione aibu mwanangu, hao majirani nao wana wake na waume na walianza kama nyie, ndo maana kila nyumba hapo ina redio. Mnaweza kuomba ruhusa ofisi inayosimamia kota mkagongelea plaiwudi au silingibodi kutoka ukuta ulipoishia mpaka kwenye bati, upande wenu tu, ni kazi ya fundi mmoja nusu siku. Haizuii sauti yote lakini inaivunja nguvu. Cha pili kitanda, kelele nyingi za usiku ni za kitanda wala siyo za watu. Fundi akikikata mwambie afunge kwa bolti asipige misumari, na kila chaga inapokaa juu ya ubavu aweke kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, mbao isikutane na mbao. Mkaze bolti mara moja moja. Mengine mtajifunza wenyewe, na siri za hela na za ukweni msiongelee kitandani, tokeni mkatembee. Kota inasikia.

Maji. Yule mama hajakutisha bure, ila kachanganya dawa na ugonjwa. Maji ya maeneo mengi chini ya mlima Meru yana floraidi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano, nenda upande wa Maji ya Chai na Ngurdoto utaona watu wazima wana meno ya kahawia, ndo hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja na kuna vyanzo huku vinapita hapo mbali sana. Ikizidi sana kwa miaka mingi inagusa mpaka mifupa, watoto miguu inapinda. Meno yenu nyie wawili yalishakomaa hayabadiliki rangi, anayeumia ni mtoto meno yake yakiwa bado yanajitengeneza ndani ya ufizi, tangu mdogo mpaka kama miaka 8. Na msikie vizuri, kuchemsha hakuondoi floraidi. Kunaua vijidudu, hiyo ni sawa muendelee kuchemsha, lakini maji yakipungua kwenye sufuria floraidi inabaki pale pale kwahiyo ndo inazidi kukolea.

Siyo kila bomba lakini. Mengine yanaletwa kutoka vyanzo vizuri na hayana shida, kwahiyo uliza ofisini maji ya kota yanatoka wapi na yamepimwa lini. Kama hawana jibu, ya kunywa na kupikia mtoto tumieni ya mvua ya bati mkiacha mvua ya kwanza ioshe bati kwanza, au chujio la mkaa wa mifupa, pale Ngurdoto kuna kituo kimefanya utafiti wake miaka mingi na kinatengeneza hayo machujio. Na punguza magadi kwenye maharage na mboga, magadi ya huku nayo yana floraidi, watu hawajui wanalaumu bomba peke yake. Habari ya kuzaa au kutozaa ni yenu wawili, yule mama hayumo. Mkitaka kusubiri, kituo cha afya cha serikali uzazi wa mpango ni bure. Mkipata mtoto mtamchotea maji mazuri basi.

Nimesahau kitu, una ufundi mkononi. Kusuka hakutaki umeme wala fremu. Usianze kesho, ingia, safisha choo zamu yako bila kusukumwa, jua nani ni nani, halafu omba ofisini kama kota zinaruhusu, wake za wachungaji watarajiwa nao wana vichwa vya kusukwa na Jumapili haikosi. Mwanzoni wakikuita kwenye michezo ya hela sema unatazama kwanza, na watu wa kausha damu wakipita na makaratasi yao ya mkopo wa haraka funga mlango kabisa.

Umebaki ugeni wa mama mkwe. Hapo nakushangaa na mumeo pia, Mchaga gani anashuka mwezi wa 12? Mwezi wa 12 Wachaga wanapanda. Barabara yote inaelekea Moshi, na chuo nacho kitakuwa kimefunga. Mumeo ampigie mama yake mwezi wa 11 mapema kabla hajapaki, amwambie "mama Krismasi tunakuja nyumbani, huyu mke bado hamjamuona vizuri". Kaeni hizo wiki mbili Machame, mawifi mtawakuta huko huko, upike, ufagie uwanja, umalize kila kitu cha ugeni kwa mkupuo mmoja. Mama akitaka kuja kuona kota aje Januari mkifungua, siku mbili, yeye peke yake, alale kwa jirani mwenye mabinti au wewe na yeye mlale chumbani na mumeo ajikunje kwenye lile benchi, kwa sababu mama wa mume halali chumba kimoja na mwanae na mkewe na yeye mwenyewe hatakubali. Mkitoka Arusha mshuke njia panda ya Machame, na yale maboksi ya vyombo msiyasahau kwenye buti.